Batri ina volti 3.9, mbona kifaa kinajizima?

Swali: Habari fundi. Hapa Ndosho, Goma, nimetengeneza kifaa cha kupima joto la banda la vifaranga. Nimetumia ESP32 (chipu ndogo yenye Wi-Fi), batri moja ya lithiamu ya 18650 na regulata AMS1117 inayotoa volti 3.3. Kwenye chaja ya USB kinatulia. Kwenye batri, kila kikituma ujumbe kwa Wi-Fi kinajizima na kuanza upya, na batri nikiipima bado ina volti 3.9. Nimeshabadilisha batri mbili. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu, usinunue batri ya tatu. Kinachokusumbua ni regulata.

Ichukue kama robine. Ndani yake kuna transista iliyokaa njiani kati ya batri na ESP32, na sakiti ndogo inayolinganisha volti zinazotoka na kipimo chake kisichobadilika. Zikishuka, inafungua, zikipanda, inabana. Batri inavyoisha, robine inazidi kufunguka, mpaka imefunguka yote. Kuanzia hapo haidhibiti tena: batri ikishuka, na zinazotoka zinashuka. Pengo linalobaki kati ya zinazoingia na zinazotoka ndilo la kuuliza kabla hujalipa.

AMS1117 huitwa ya pengo dogo, na mbele ya regulata ya zamani ya 7805 inayotaka karibu volti 2, ni kweli. Ila yenyewe, mzigo ukiwa mkubwa, inakula volti 1.1 hivi. Toa kwenye 3.9, unabaki na 2.8, na ESP32 inataka angalau 3.0. Wi-Fi inapotuma, mkondo unaruka ghafla na mshuko ni wa kitambo kidogo mno; multimita haiwahi kuuona. USB inaleta volti 5, basi nafasi ipo.

Tena AMS1117 inakunywa miliampea 5 hivi hata kifaa kikilala. Batri ya miliampea-saa 2000 itakauka kwa siku 17 bila kazi yoyote. Hilo linaniuma kuliko lile la kwanza.

Tafuta regulata AP2112K ya volti 3.3. Transista yake ni ya aina ya MOS, ikifunguka yote inakuwa kama rezista ndogo: pengo ni volti 0.25 hivi kwa miliampea 600, na mkondo wake wa kulala ni mikroampea 55 tu. Usiibandike mahali pa ile ya zamani, miguu haifanani: hii ina mitano. Mguu wa 3, EN, ndio wa kuiwasha; uunge na mguu wa 1 unaopokea batri, la sivyo haiwaki. Weka kapasita ya kauri ya mikrofaradi 1 kila upande, karibu kabisa na miguu.