Enlaja ya 4x5 iliyotumika: kukagua, kufungua na kuihamisha kutoka Arusha hadi Moshi

Mkuu, umeuliza kama enlaja (mashine ya chumba cha giza ya kukuza picha kutoka kwenye negativu) ya filamu ya inchi 4x5 inayouzwa na studio iliyofungwa hapo Arusha inafaa kununuliwa, na utaifikishaje Moshi ikiwa nzima. Inafaa sana, ila usitoe hela kabla hujahesabu vipande vidogo. Nguzo ikipinda au ubao ukioza, mafundi wapo. Fremu za kushikia negativu, kondensa (lenzi nene za kukusanya mwanga wa balbu) na transfoma vikikosekana, umenunua chuma. Vipande vya enlaja za Durst haviingii kwenye De Vere, vya De Vere haviingii kwenye Omega, na vingi havitengenezwi tena.

Kwa hiyo dai kila kitu kiwekwe mezani. Filamu ya mm 35 inataka lenzi ya mm 50, ya sm 6x6 inataka mm 80, na ya inchi 4x5 inataka mm 150. Kila saizi ina fremu yake, na kwa mashine ya kondensa mara nyingi ina kondensa zake pia. Ukichanganya, pembe za picha zinatoka na mwanga hafifu. Lenzi ndogo nyingi zina uzi wa mm 39, lakini za mm 150 mara nyingi ni mm 50, kwa hiyo pima tundu la kibao, yaani bamba linaloshika lenzi. Kibao ndicho pekee nisichokiogopa: fundi mwenye mashine ya kukerezea anakitoa kwenye bamba la alumini.

Lenzi imulike kwa tochi kutokea nyuma, ukiwa umeinamisha kidogo. Kuvu inaonekana kama nyuzi za buibui. Ikiwa juu ya kioo inafutika. Ikiwa imeshakula kioo, picha zitafifia daima, mwachie mwenyewe. Mikwaruzo midogo ya kondensa isikutishe. Mvukuto (mfuko mweusi unaokunjika kati ya negativu na lenzi) uchunguze gizani kwa tochi iliyowekwa ndani, na vitundu vinazibwa kwa tepu nyeusi ya kitambaa.

Umeme ndipo watu wanapoungua. Mashine nyingi zilizotoka Marekani ni za volti 120. Beseler 45MX, kwa mfano, ina mota ya kupandisha kichwa, yaani sehemu ya juu yenye balbu. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu, imekwisha. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Kwa balbu ya wati 150 na mota, chukua ya wati 500. Vichwa vingi vya kuchapia picha za rangi vinatumia balbu za halojeni za volti 24 kupitia transfoma yake maalumu. Hiyo ikikosekana, bei ishuke sana. Iwashe dakika 5 nzima, sikiliza feni, nusa kama kuna harufu ya kuungua.

Nunua na stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Kwa balbu ya nyuzi, volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Picha ya sekunde 20 inataka 28 hivi, na kwa vile mwanga umekuwa wa njano zaidi, karatasi ya maltigredi (ya picha, inayobadilisha kontrasti kwa rangi ya mwanga) inatoa kontrasti ndogo pia. Unaweza kuhangaika na dawa za kusafishia picha wiki nzima kumbe kosa liko kwenye soketi.

Sasa kufungua. Kichwa kinabebwa na springi au uzito wa kusawazisha. Ukiking'oa kikiwa chini, springi imevutwa hadi mwisho, na behewa, yaani kipande kinachopanda na kushuka kwenye nguzo, linaruka juu kwa nguvu ya kuvunja mkono. Pandisha kichwa hadi kileleni, kaza kifungio, kisha funga behewa kwenye nguzo kwa kamba. Hapo ndipo utoe lenzi, fremu, balbu, kondensa, na mwisho kichwa chenyewe. Kasha la springi usiliguse hata kwa bisibisi. Piga picha kila hatua, na skrubu za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake wenye jina. Ukikuta vipande vyembamba vya bati chini ya nguzo, vitunze: ndivyo vilivyoinyoosha.

Kirikuu inatosha. Nguzo ilale kwenye godoro kuukuu, meno ya reli yakitazama juu ili yasibebe uzito, ifungwe mikanda sehemu mbili. Kichwa kisimame kama kinavyosimama kazini. Lenzi na kondensa zikae mapajani kwako, maana matuta kati ya Usa River na Boma Ng'ombe hayana huruma. Chukua turubai hata kama jua linawaka. Buti la basi sikushauri kabisa, kwani hujui gunia la nani litawekwa juu.

Ukikosa Arusha ukafuata nyingine Nairobi, pitia mpaka wa Namanga na wakala wa forodha. Enlaja iko kwenye kifungu cha forodha 9008.50, uwe na risiti yenye namba ya mashine, na uhesabu ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18.

Ukifika Moshi, pima dari kwanza, kichwa kikiwa kileleni. Kilele cha nguzo kishikwe ukutani kwa bano, vinginevyo kila lori likipita picha inatikisika. Nyoosha kiti cha negativu kifuate ubao kwanza, halafu lenzi. Kagua chembe za filamu kwenye pembe zote 4 lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa. Usifiche kosa kwa kupunguza tundu la lenzi.

Mwisho, funika lenzi, weka sarafu juu ya karatasi mpya ya picha ubaoni, gizani, washa balbu dakika 5, kisha isafishe karatasi hiyo kwa dawa. Umbo la sarafu likitokea, mwanga unavuja, na mara nyingi unatokea pale kichwa kinapokutana na fremu ya negativu.