Jibu: Vali ya tetemeko haitambui gesi inayovuja
Ndugu, umeuliza kama vali ya tetemeko, yaani kifaa cha kwenye bomba kinachofunga gesi ardhi ikitetemeka, itafunga gesi hata bomba likivuja tu. Hapana, haitafunga. Ndani yake mara nyingi mna kigololi cha chuma kilichokalia kishikizo chake. Jengo likitikisika kwa nguvu, kinadondoka na kuziba njia ya gesi. Gesi ikivuja polepole usiku, kigololi hakina habari.

Kwa uvujaji unahitaji kitambuzi cha gesi kilichounganishwa na vali ya umeme. Na hapa wengi hukosea: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kitambuzi kikae karibu na sakafu, gesi asilia ni nyepesi, kikae karibu na dari.

Tafadhali sana, vali ikishajifunga baada ya tetemeko, usiifungue mwenyewe kabla fundi hajapima mabomba yote.