Kiawadhi: lugha au lahaja ya Kihindi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandaa orodha ya lugha za Asia Kusini kwa ajili ya maktaba ya chuo. Sensa ya India ya mwaka 2011 inataja wasemaji wa Kiawadhi, usemi wa kaskazini mwa India na kusini mwa Nepal, wapatao milioni 3.85 tu, tena imewaweka ndani ya Kihindi. Vitabu vingine vinataja makumi ya mamilioni. Nifuate kipi?

JIBU: Marahaba. Kiingize kama lugha kamili. Msimbo wake katika ISO 639-3, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya lugha, ni awa. Hiyo milioni 3.85 iandike, lakini ueleze kuwa ni hesabu ya waliojitaja kwa jina hilo. Mkulima wa Sultanpur, wilaya ya India wanakozungumza Kiawadhi, anayeongea Kiawadhi nyumbani mwake kutwa, karani wa sensa akimuuliza, mara nyingi hujibu "Kihindi", kwa kuwa ndicho cha shuleni na ofisini. Ng'ambo ya mpaka, Nepal hukihesabu peke yake: mwaka huohuo walipatikana watu 501,752.

Sarufi ndiyo inayonishawishi zaidi. Katika Kihindi sanifu, "mvulana alikula mkate" ni laṛke ne roṭī khāī: mtenda hufuatwa na ne, neno dogo la kumtambulisha mtenda, na kitenzi hukubaliana na mkate. Kiawadhi hakina ne hiyo. Husema larikā roṭī khāis, na ile -is humrejelea mvulana, kama a- yetu katika "alikula". Tofauti hiyo imo katika mfumo mzima wa wakati uliopita, si suala la matamshi ya vijijini. Ndugu zake wa karibu ni Kibagheli na Kichhattisgarhi, ilhali Kihindi sanifu kimetokana na usemi wa pande za Delhi na Meerut.

Kukiita lahaja ya Kihindi pia ni kukidhulumu kihistoria. Malik Muhammad Jayasi alitunga utenzi wa Padmavat kwa Kiawadhi mwaka 1540, na Tulsidas akaanza Ramcharitmanas, utenzi wa Kiawadhi kuhusu Rama, mjini Ayodhya mwaka 1574. Nathari ya Kihindi sanifu ilishamiri karne ya 19.

Kihindi cha Fiji nacho kipe nafasi yake, msimbo hif. Kilitokana na usemi wa vibarua wa mikataba waliopelekwa huko kati ya 1879 na 1916, wengi wao wakitoka maeneo ya Kiawadhi na Kibhojpuri, na ile -is ingali hai katika vitenzi vyake. Weka rejeo la kukiunganisha na Kiawadhi.