Fundi, betri za kuchaji zinapunguza nguvu ya detekta?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mchimbaji mdogo huku Makongolosi, Chunya. Nina detekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, ya Garrett AT Gold nilinunua kwa mtu, inatumia betri 4 za AA, zile za saa ya ukutani. Kununua mpya kila mara kumenichosha, hela inaisha hata punje sijaona, nikachukua za kuchaji. Wenzangu kambini wananiambia hizo volti zake ndogo, dhahabu ya chini haitashika. Na kweli siku ya pili tu mashine ikazima ghafla porini. Nizitupe? Huku umeme hatuna, ni sola tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usitupe kitu kwanza. Hao wenzako namba wamezitaja sawa ila walichohitimisha sio. Alkalaini, yaani ile ya kawaida isiyochajiwa, ikiwa mpya ina volti 1.5, ya kuchaji iliyoandikwa NiMH ina 1.2, kwa hiyo betri 4 ni volti 6 kwa 4.8, inaonekana umepunjwa. Lakini alkalaini haikai kwenye 1.5, inaanza kushuka toka unapowasha, ikifika nusu ya maisha yake nayo iko kwenye 1.2 hiyohiyo na mtu bado anapima nayo na anaokota. Ndani ya mashine kuna saketi inasawazisha umeme kabla haujafika kwenye koili, ile sahani ya chini inayonusa dhahabu, kwa hiyo kina hakipungui mpaka betri zichoke kabisa.

Kuzima ghafla ndo tabia yake. NiMH inashikilia 1.2 masaa mengi, halafu mwishoni inadondoka mara moja, na alama ya betri kwenye kioo imepangwa kwa alkalaini kwa hiyo inaweza kukudanganya. Tembea na seti ya pili mfukoni, basi.

Ila siku ya pili ni mapema mno, hapo nina wasiwasi na betri moja. Juzi kuna kijana kaniletea detekta analalamika hivyohivyo, nikatoa betri zake nikazipima moja moja kwa mita ya volti, tatu zikasoma 1.2 na ushee, ya nne 0.3!! Kumbe alichanganya, tatu mpya na moja kaitoa kwenye tochi ya zamani, ile dhaifu ikiisha wenzake wanaendelea kuisukuma mpaka inageuka chanya kuwa hasi na inakufa moja kwa moja. Nunua 4 za siku moja, zipige alama kwa kalamu, zikae pamoja maisha yao yote.

Chaja nayo uiangalie. Zile za bei chee zinachaji mbilimbili kwa taa moja, moja ikijaa nyingine bado au inapitiliza inachemka. Tafuta yenye taa ya kila betri, na iwe inaingia volti 12 ili uichomeke kwenye betri ya sola moja kwa moja, invata inakula umeme wako bure. Kama unakaa wiki bila kwenda porini chukua aina ya Eneloop, hizo zinatunza chaji miezi mingi, za kawaida zinajiishia zenyewe kwenye begi.

Sasa hili nakuomba sana mwanangu. Kuna betri ya lithiamu inaitwa 14500, umbo ni AA kabisa, ila moja ina volti 3.7, ukipanga 4 ni karibu 15 na bodi unaiunguza. Usiiguse. Na zile za lithiamu za 1.5 zenye tundu la USB, volti ziko sawa lakini ndani zina kisaketi cha kushusha umeme na kinaweza kuleta kelele, detekta inalialia hata pasipo na chuma, mtu anachimba shimo bure kwenye jua.

Kama kuna mwenzako mwenye detekta ya Gold Bug Pro, ya betri ya mraba ya volti 9, za kuchaji za mraba nyingine ni 7.2 tu, achukue 8.4, na asitegemee ikae kama alkalaini, ujazo wake mdogo.

Azima mita, zichaji zote usiku, asubuhi zipime moja moja, kisha zipime tena mashine ikizima. Niandikie hizo namba nane nitakwambia ipi ya kutoa.