Faili la kesi si la siri, nyie mnaoanza klakship

Nyie mnaotoka LDC (chuo cha mafunzo ya uwakili) mnakuja klakship, yaani mazoezi ya kazi, kwa maofisi ya mawakili hapa Kampala, wengi mnafikiri kwa vile wakili anatunza siri za mteja basi na kila karatasi anayopeleka kortini ni siri. Hapana. Ukishafaili imetoka mikononi mwako.

Mimi nilijifunza vibaya. Kesi ya ardhi, ndugu wanagombania ploti, nikaambatisha kwenye afidaviti (taarifa ya kiapo) statimenti ya benki ya mteja kurasa zote na kumbe ukurasa mmoja wenye yale malipo ungetosha, baada ya wiki mbili mama wa watu ananipigia, "Mwanangu, mbona shemeji anajua nina shilingi ngapi?" Nilikosa la kusema, manake shemeji ndo mdaiwa mwenyewe, tulimpa nakala sisi wenyewe. Siku hizi nauliza kwanza, hii karatasi inathibitisha nini? Isipothibitisha kitu inabaki ofisini.

Katiba ya 1995, ibara ya 28, inataka kesi isikilizwe hadharani, na korti inaweza kuwatoa waandishi na watu wengine kwa sababu za maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa. Sasa aibu ya mteja peke yake haimo humo, kwa hiyo kama kuna jambo nyeti kweli ombeni mapema na mtoe sababu, msingoje mpaka watu wamejaa kortini. Kesi za watoto ni nyingine kabisa, jina la mtoto usilicheze.

Alafu kuna hii ya kukimbilia sheria ya kupata habari ya 2005. Ile haigusi rekodi za kesi ambayo haijaisha, imeandikwa wazi humo ndani, kwa hiyo usipoteze muda, nenda masijala, muulize karani kwa adabu (adabu inafungua faili nyingi kuliko barua) na kama ni lazima mwandikie rejista, yaani msajili wa korti. Hukumu zenyewe nyingi utazisoma bure ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda.

Usuluhishi nao, yanayosemwa mle ni siri, pesa mtu aliyotaja mle ndani usije ukaiandika kwenye afidaviti, jaji atakuuliza umeitoa wapi.

Na paswedi ya bosi ya ECCMIS (mfumo wa korti wa kufaili kesi kwa kompyuta) usiiache kwenye kompyuta ya kafe. Fotokopi zilizoharibika pia chaneni, mimi juzi nimenunua njugu nje ya korti, kufungua karatasi nakuta namba ya ploti na jina la mdaiwa.