Programu ni bure, mbona watoto waliokusudiwa hawaji?

Mleta mada anasema kituo chao kimefuta ada ya masomo ya jioni na kambi ya likizo, lakini nafasi zinajazwa na watoto ambao wazazi wao wangeweza kulipa. Nimesimamia programu za watoto wa mjini kwa muda mrefu. Ningeanza kuangalia siku ya kuandikisha.

Fomu ikifunguliwa mtandaoni asubuhi, na anayewahi ndiye anayepata, watoto wameshachaguliwa. Mzazi anayeshinda ofisini mbele ya kompyuta anaijaza mara moja. Mwenzake aliye zamu ya usafi anaiona taarifa jioni, nafasi zimekwisha. Kisha mtu anasimama kikaoni na kusema wazazi hao hawajali! Kauli hiyo inaniuma. Nimekaa nao, najua wanavyohangaika kutafuta mahali salama pa kumwacha mtoto.

Sisi tuliachana na mtindo wa kuwahi. Fomu, pamoja na za karatasi, zilikaa wazi kwa wiki kadhaa, kisha tukapiga kura ya bahati nasibu. Kabla ya kura tulitenga nafasi kwa watoto waliopendekezwa na walimu, kwa kuwa mwalimu ndiye anayejua nani hubaki getini hadi giza linaingia.

Kupata nafasi bado si kufika. Programu ikiisha jioni, nani atamrudisha mtoto nyumbani? Kuifanyia shuleni kwao kunapunguza safari moja. Na kuna mabinti wanaolea wadogo zao kila siku mama akiwa kazini. Hao hawaji mpaka muwaruhusu kuja na wadogo. Tulipotenga chumba cha wadogo, mabinti walianza kuja.

Likizo ina njaa yake pia, maana mlo wa shule unakatika. Uingereza, kwenye eneo la England, tangu 2021 serikali inagharamia michezo na chakula kwa pamoja wakati wa likizo kuu, hasa kwa watoto wanaostahili mlo wa bure shuleni. Naona ni mpango wenye akili: mtoto anakuja kucheza, anakula na wenzake, hakuna anayeonyeshwa kidole.

Jambo jingine, msiwape watoto maskini hesabu za ziada tu huku wenzao wakijifunza kuogelea na muziki. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inataja mapumziko, michezo na sanaa kuwa haki ya kila mtoto.

Kura ya haki, hata hivyo, haiongezi viti. Marekani, uchunguzi wa America After 3PM wa 2020 ulikuta kwamba kwa kila mtoto aliye ndani ya programu za baada ya masomo, wengine watatu wangejiunga kama nafasi ingekuwepo. Kwa hiyo tunzeni orodha ya waliokosa, mkiandika na mitaa wanayotoka. Mkienda kuomba fedha halmashauri, wekeni orodha hiyo mezani kabla hamjafungua mdomo.