Kuondoa Platini kwenye Datsun 240Z: Anza na Cheche, Petroli Ije Baadaye

Tangu Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Datsun 240Z, na Shekhar Mehta akashinda tena mwaka 1973 kwa gari la aina hiyohiyo, wapenzi wa magari hapa Kenya hawajaacha kulitamani. Langu ni la mwaka 1972, na kitu pekee ambacho limewahi kukishinda ni subira yangu.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikichezea skrubu za kabureta zake mbili kila lilipokosa nguvu, kumbe kasoro ilikuwa kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ambayo mhimili wake ulikuwa umelika kiasi kwamba nafasi kati ya platini (vidude vinavyofunguka na kujifunga kukata umeme ili cheche itoke), inayotakiwa kuwa kati ya milimita 0.45 na 0.55, haikutulia hata nilipoipima upya. Kwa hiyo nashauri mfumo wa cheche urekebishwe kwanza na gari liendeshwe miezi kadhaa, ndipo mtu aguse petroli. Anayebadilisha vyote viwili kwa pamoja, injini ikikataa kuwaka, hatajua aanzie wapi kutafuta.

Kwa mtu anayetoka na gari Jumapili tu, distribyuta ya kielektroniki, isiyo na platini, ya 280ZX, Datsun iliyokuja baadaye, inatosha, kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja. Rezista (kipunguza umeme) ya koili, kifaa kinachokuza umeme wa cheche, huondolewa, lakini nyaya zilizofika kwake lazima ziunganishwe, kwa sababu umeme wa koili katika 240Z hupitia kwanza kwenye saa ya mizunguko ya injini. Njia hiyo ikikatika, injini itawaka unapozungusha ufunguo na kuzimika mara tu unapouachia.

Mimi nilitaka zaidi, nikafunga kompyuta ya MegaSquirt isimamie cheche peke yake huku kabureta zikibaki. Kwenye puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, hufungwa gurudumu lenye nafasi 36 za meno, jino moja likiwa limeondolewa makusudi ili sensa ijue injini imefika wapi, na koili tatu huwasha silinda kwa jozi: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Hapa plagi ziwe zenye rezista ndani yake, kwa sababu plagi za kawaida hutoa kelele za umeme zinazoivuruga kompyuta; waya wa erthi nao ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa rangi ikatoka kabisa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini tarakimu za kwenye skrini. Nilihesabu meno vibaya kwa jino moja, na kwa kuwa kila jino ni nyuzi 10, cheche ilikuwa ikitangulia kwa nyuzi 10 zaidi ya nilivyodhani. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kosa lilijificha; niliposhuka Mombasa kwenye hewa nzito na joto, injini ilianza kugonga, kwa kuwa cheche ilikuwa inawahi mno, nilipokuwa napanda Mazeras kurudi nyumbani, nikalazimika kuendesha polepole mno hadi Voi. Kabla ya safari yoyote, iamuru kompyuta ishikilie taimingi, yaani wakati wa cheche, kwenye nyuzi 10, kisha umulike puli kwa taa ya taimingi. Alama isipokubaliana na skrini, sahihisha kompyuta. Alama ya puli ndiyo yenye haki.

Petroli niliifikia mwaka uliofuata, nilipoondoa kabureta na kufunga injekta zinazopuliza petroli. Pampu ya injekta husukuma kwa takriban baa 3, ilhali ya kabureta haifiki hata nusu baa, hivyo mipira yote ya zamani hubadilishwa, na pampu hufungwa kwa rilei, swichi ya umeme inayozima pampu hiyo pindi injini inaposimama. Bila rilei hiyo, gari likipata ajali pampu itaendelea kumwaga petroli palipopasuka.

Distribyuta ya 280ZX sikuiuza. Imo butini, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na koili yake.